Udongo Ambao Sikuubeba

Mama Zaina,

Nakusalimu hapo ulipolala, kando ya wazee wako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Zaina alitaka mimi niseme, yeye aandike kwenye simu, nikamkatalia. Mimi nilimaliza kisomo cha ngumbaru, tena nilikuwa wa kwanza darasani, unajua. Haya, tulikuwa tumebaki wanne. Herufi zikienda kombo unisamehe. Tangu juzi zinapinda, na si uzee. Ni kile nilichokisikia Korogwe.

Nimeduwaa, mke wangu. Nikikaa naduwaa, nikisimama naduwaa.

Ngoja nianze mbali kidogo. Tangu tukuzike masika yamepita mara mbili. Umeme umefika kwa jirani, kwetu wamesimamisha nguzo tu. Mbuzi wako mwenye pembe moja kazaa mapacha. Ndoo za plastiki zimejaa nyumba nzima, kila Zaina akija kutoka Korogwe analeta nyingine, lakini maji ya kunywa bado nachota kwenye mtungi ulioufinyanga wewe. Ndio huo mmoja uliobaki. Mingine uligawa, mingine nimeivunja mimi, usiniulize mingapi.

Basi mwaka jana, mahindi yakiwa yameshavunwa, gari jeupe lilikuja hapa Kang'ata mpaka uani. Akashuka mama mmoja, Profesa Halima, anafundisha chuo kikuu Dar es Salaam. "Shikamoo babu." Nyuma yake mgeni, mzee mwenzangu ila meno yake yote yapo, naye akajaribu shikamoo akaiharibu. Anaitwa Ramiro, anatoka nchi ya Peru, mbali kupita unavyodhani mbali. Kazi yao wote wawili ni kuchimba miji ya kale. Kwao Ramiro kuna mji mzima wa udongo, kuta zake zinapita kwa urefu mlingoti wa mkonge, na watu wake walishakufa wote zamani. Profesa naye anachimba mji uliokufa huku kwetu, kule mto Pangani unakokaribia bahari. Wamepatana: wa kule waje waone ya huku, wa huku waende waone ya kule, wafundishane.

Nikawapa viti. Profesa akafungua kitambaa, akaweka kigae cha mtungi mezani. Kimetoka kwenye ule mji uliokufa, chini kabisa, alisema.

Mama Zaina, chini ya shingo palikuwa na alama tatu za kucha.

Zile zako. Mbili karibu karibu, ya tatu imekaa mbali kama mtoto aliyenuna. Unakumbuka nilivyokuwa nakutania? "Huo mtungi umepigana na paka?" Nawe bila kuinua uso: "Mama aliniachia hivi, naye aliachiwa hivi. Wewe lima." Mimi nilijua ni maringo yako, wateja wa mnadani Handeni wakujue. Kumbe kuna mwanamke wa kale, mji wake wote umekufa, naye alikuwa anaminya kucha vile vile.

Wakaniuliza: marehemu alikuwa anapata wapi udongo?

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ningesema nini? Unajua mwenyewe mwanamume hasogei kwenye shimo la udongo, akisogea mitungi inapasuka motoni. Mimi sikusogea. Lakini kuuliza hakukatazwi, na sikuwahi kuuliza. Miaka yote ile uliondoka na jembe ukarudi na beseni kichwani, mimi nikauliza chakula kiko wapi. Sasa yule mgeni kashika kalamu, ananitazama kama nimeficha siri za dunia nzima. Mdomo ukanitangulia. Nikasema udongo ulitoka Old Korogwe, ukingoni mwa mto, na mimi ndiye niliyekuwa naubeba kwa baiskeli, kila mwisho wa mwezi nikirudi kutoka kwenye kazi ya mkonge. Magunia mawili.

Profesa akauliza, "Babu, kutoka Korogwe mpaka Kang'ata, na udongo?"

"Wewe hukuniona ujanani," nikamjibu.

Cheka tu. Wewe unajua nilichokuwa nabeba. Samaki wakavu, na mara moja kile kioo ulichokiagiza, kikafika vipande.

Wakaomba wakwangue mtungi wako kidogo tu, wakapime kama udongo wake na wa kigae ni mmoja. Nikasimama. Nikawaambia mtungi wa mke wangu hauguswi na mtu, udongo wautakao niko tayari kuwaonyesha, ni ule ule. Na nikawapeleka! Nilipanda lile gari mpaka Old Korogwe, nikatembea ukingoni kifua mbele, nikanyoosha kidole mahali popote. Wakachimba, wakatia kwenye mifuko, wakanipiga picha. Udongo ukapanda ndege kwenda kwao Ramiro kupimwa.

Juzi wakatuita Korogwe tukasikie majibu. Ukumbi umejaa, wapo wageni wa nchi nyingi, kila mmoja na mji wake uliokufa. Nilivaa kanzu yangu ya Idi na lile koti. Nikakalishwa mbele. Mdogo wako Mwanahamisi alikuja na wafinyanzi wenzake, wakawekwa viti vya nyuma yangu. Wakawasha mashine, picha yangu ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa msikiti, mimi na mto na kidole changu. Kwa kweli nilipendeza.

Profesa akasema udongo wa pale na udongo wa kigae umepimwa, haufanani hata kidogo. Kwa hiyo zile kucha tatu ni mfanano wa bahati tu. Mitungi ya mji ule haikutoka kwa wafinyanzi wa Kang'ata, hawa hawahusiani nao. Wataandika hivyo, kule na huku. Watu wakapiga makofi.

Nami nikapiga. Mama Zaina, nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, maana picha yangu bado ilikuwa ukutani.

Mwanahamisi akaniinamia sikioni. "Shemeji, unapiga makofi? Dada kafutwa."

Sikumwelewa. Akasema tena, polepole, kama unavyosema na kiziwi: "Dada hakuwahi kukanyaga ule ukingo. Udongo wetu tunachimba bondeni, nyuma ya shamba langu, hapo hapo Kang'ata. Nani kawaambia Old Korogwe?" Kisha akaitazama picha, na kidole. "Aa," akasema. "Kumbe ni wewe."

Mikono yangu ilibaki hewani. Nilimzika baba yangu, nilikuzika wewe, lakini ubaridi ule wa ukumbini sikuwahi kuusikia. Kwa sababu wewe ulikufa kwa amri ya Mungu. Juzi nilikuondoa mimi. Wewe, na mama yako, na bibi yako, na yule wa kale kabisa, nimewakata wote kwa baiskeli ambayo haikubeba kitu.

Sikula. Asubuhi ya jana nikaenda nyumba ya wageni, nikawakuta wanakunywa chai ya maziwa na chapati, mizigo imefungwa mlangoni, wanaondoka siku hiyo. Nikakataa kiti. Nikasema yote nimesimama. Nilitaka nipunguze kidogo, niseme nilisahau, uzee. Mdomo ulikuwa tayari. Nikaukatalia.

Profesa hakucheka. Alisema, "Babu, mimi mwanamke. Ningeenda kwa shangazi Mwanahamisi siku ile ile, ningeshuka naye shimoni. Nilikuja kwako kwa sababu kiti ulikikalia wewe." Alijikasirikia mwenyewe kuliko alivyonikasirikia mimi. Akamtafsiria mgeni. Ramiro akaweka kikombe chini, akafungua daftari, akapitisha mstari mrefu juu ya yale niliyomwambia. Akasema kwao nako yeye hufika nyumba ya mfinyanzi, mume hukalishwa akahojiwa, mke yuko jikoni anawapikia wageni. "Sijui," akasema, "nimeandika baiskeli ngapi."

Wakaahirisha safari.

Jana hiyo hiyo tumekwenda bondeni. Mwanahamisi kaweka masharti yake, na mimi unayenijua nimeyafuata: wanaume wasimame kwenye njia, mgongo shimoni, uso kwenye mihogo. Basi tukasimama, mimi na Ramiro, wazee wawili kama watoto waliopewa adhabu. Profesa kavua viatu kashuka na wanawake. Nyuma yetu tunasikia majembe, tunasikia wanavyotucheka. "Shemeji usigeuke, shingo itakaa hivyo hivyo mpaka kaburini!" Sikugeuka. Wakati mmoja yule mgeni alitaka kugeuka, nikamshika kichwa.

Kisha Mwanahamisi akaja kwa nyuma, akanitia bonge la udongo viganjani. Bichi, baridi, jeusi. "Haya. Beba sasa."

Nikaunusa.

Mama Zaina. Ile harufu. Miaka yote nilidhani ni harufu yako. Ya shingo yako, ya kanga zako, ya mkono ukinipa maji. Nilipokuzika niliitafuta kwenye nguo, ikaisha. Nikajua imekwisha duniani. Kumbe ilikuwa bondeni hatua chache nyuma ya shamba la shemeji yangu, na mimi sikuwahi kuuliza. Nimelia mbele ya mtu wa Peru. Akatazama mihogo yake, mstaarabu yule.

Tulivyorudi nyumbani nikamwaga maji ya mtungi kwenye mgomba. Nikaupakata mwenyewe, nikaugeuza. Ramiro akakwangua kitakoni, mahali pasipoonekana, unga kidogo wa kujaa kofia ya kalamu. Kucha zako tatu nilizifunika kwa kiganja mpaka alipomaliza. Mtungi haukupasuka. Asubuhi hii umejaa maji tena.

Majibu hayajaja. Labda udongo wako na wa kigae ni mmoja, labda siyo. Siahidi jambo nisilolijua, nimekoma. Ila walau safari hii kitakachopimwa ni chako. Na Profesa kaandika jina lako mbele yangu, kwa herufi kubwa, nikalisoma mwenyewe, halina kosa.

Majibu yakija nitakuja nikusomee hapo kaburini, yakiwa mazuri au mabaya, bila kuongeza kitu.

Lala salama, mke wangu, Mungu akupanulie mahali pako. Nami nakupa ahadi moja. Wageni watakuja tena, Profesa kasema wa nchi nyingine mbili. Wakiniuliza juu ya kazi yako nitanyanyuka kwenye kiti, nimwite Mwanahamisi akikalie. Kisha nitawaambia neno ambalo hujawahi kulisikia kinywani mwangu tangu siku niliyokuoa.

Sijui.

Mimi mumeo,
Baba Zaina