Mtani Kavaa Koti la Baba

Jumanne, 3 Septemba 2024

Baba kazikwa jana alasiri. Ngamiani nzima imekuja — mpaka watu aliowahi kuwafungia maduka! Mzee Sabiri, meneja mstaafu. Kila aliyenipa mkono wa pole alisema hilohilo: bila yeye senta ile ya maduka ingekuwa gulio. Kiti chake nakikalia mimi, mwaka wa tatu huu. Jana nilifurahi, ndiyo, msibani nilifurahi, kuitwa binti Sabiri.

Mama ameingia eda. Yuko kimya nyuma ya pazia. Aliniuliza tu kama watani wamefika. Nikamwambia wamefika, wanapiga kelele jikoni. Akasema afadhali.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefanya jambo. Sijui niliandikeje.

Hitima ilisomwa vizuri. Baada ya chakula watani wakaanza vituko vyao. Sisi Wazigua, wao Wanyamwezi. Kwenye msiba wetu wana ruhusa ya kila kitu, na mtani hakasirikiwi. Nimekua nikiyaona hayo. Nimeyacheka sana kwenye misiba ya wenzangu.

Akatokea Mama Imakulata. Anauza vitenge pale pale senta, duka la chini, tangu enzi za Baba. Mdomo anao! Akinikuta kwenye ngazi ananiita mtumwa wangu mbele ya wateja, nami namrudishia. Leo kavaa koti la kijivu la Baba — sijui nani kampa — na miwani kaitundika puani. Akapita kati ya mikeka akipangusa vumbi kwa kidole vichwani mwa watu. "Hapa ni senta, si gulio!" Sauti ya Baba yenyewe. Watu hoi. Mama nilimsikia akicheka huko ndani. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Kisha akaziba mlango. Akawaita wanawake wanaofanya kazi senta, mmoja mmoja. Fungua kikapu. Kung'uta kanga. Geuka. Kung'uta tena, wewe mwizi, jicho lako nalijua! Nao wakapanga foleni, wanakung'uta, wanageuka, wanacheka mbavu hawana. Mmoja akamwambia, Mzee, sasa umekufa, nani atanipekua? Mgeni mmoja kutoka Pangani akauliza kama ndivyo alivyokuwa kweli. Akajibiwa ndivyo, kila jioni, yeye mwenyewe, mbele ya wapita njia. Wanaume walipita tu.

Nilijua watu wanapekuliwa langoni. Sikujua kwamba ni vile.

Nikainuka. Nikamvua lile koti kwa nguvu, mkono mmoja ukachanika. Nikamwambia atoke nyumbani kwetu. Mtani! Msibani! Akavaa viatu vyake, akatoka, na watani wote wakamfuata. Masufuria wakayaacha yamelowekwa.

Ijumaa, 6 Septemba

Sijatoka chumbani. Aibu. Ba'mdogo Miraji kaniuliza, mlango ukiwa umefungwa, kama nimeingiwa na wazimu. Masufuria tumeosha wenyewe.

Jumatatu, 9 Septemba

Kazini. Mimi siku zote hutokea mlango wa nyuma, kwenye maegesho. Leo jioni nikapita langoni makusudi.

Foleni. Wanawake tu. Wanaume wanapita pembeni wakiagana, mikono mfukoni. Rama, askari wetu, kasimama na kirungu: fungua, kung'uta, geuka. Muuza juisi na wateja wake wanatazama. Binti mmoja wa duka la simu alipogeuka kanga ikamdondoka, wakamcheka.

Rama akanipigia saluti. Nikamuuliza nani kamwagiza awafanye hivi. Akashangaa. Akasema wewe, bosi — siku ulipoingia ulisema kila kitu kiendelee kama alivyokiacha Mzee. Kweli nilisema. Nilidhani namheshimu Baba.

Nikamwambia aendelee! Kwa nini nimemwambia aendelee? Nawaogopa wenye maduka. Watasema kaburi la baba yake halijakauka, mtoto ameshalegea. Nimekaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Jumatano, 25 Septemba

Mama kaniita. Kasema arobaini bila watani si arobaini. Nani atatuondolea msiba ndani ya nyumba? Yeye yuko eda, hawezi kutoka. "Wewe uliyeharibu, wewe utatengeneza. Chukua kuku uende kwake."

Nikamuuliza kama alikuwa akijua habari ya kanga. Akanisimulia kwamba babu yangu alikuwa nokoa, msimamizi wa vibarua, kwenye mashamba ya mkonge. Akiwapekua wakata mkonge kila wakitoka shambani, na baba yake Mama Imakulata alikuwamo. Baba yangu, mtoto bado, akifuatana na babu kila mahali. Ndiko alikojifunzia kazi, akasema Mama. Na kwangu alikuwa mume mwema, hilo usiniguse.

Sikumgusa. Kwangu pia alikuwa baba mwema. Ijumaa haikupita bila halua. Lakini sasa najiuliza uso upi aliwaonyesha wale wanawake kabla hajaja kwetu na ile halua, na uso upi nawaonyesha mimi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilifika mpaka kona ya kwa Mama Imakulata, kuku kwapani. Nikasikia watu barazani wanaongea. Nikageuka. Meneja mzima! Kuku yuko uani, anakula mchele wetu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kesho ni arobaini.

Nikasema leo ni leo. Nitamuomba radhi palepale langoni, wote wasikie, na upekuzi utakoma leo. Maneno nilikuwa nayo tayari. Rama nikamwambia akanywe chai. Sikutaka kuomba radhi na kirungu pembeni yangu. Nikasimama pale alipokuwa amesimama yeye.

Mama Imakulata alikuwa wa kwanza.

Hakuniita mtumwa wangu. "Shikamoo, bosi." Mtu mzima kama mama yangu! Na kabla sijafungua mdomo akaweka kikapu chini. Akakifungua. Akakung'uta kanga, akageuka, akakung'uta tena. Taratibu, bila hasira wala mzaha. Nyuma yake wenzake wametulia.

Na macho yangu — Mola anisamehe — macho yakaenda kikapuni. Nilichungulia! Hakuna aliyenishika shingo. Kulikuwa na bakuli la chakula cha mchana na kitambaa. Nilitazama mpaka chini ya kile kitambaa.

Aliniona. Akauliza, "Nipite, bosi?"

Nikasema pita.

Na wa pili akaweka kikapu chini.

Nimefika nyumbani, nimekaa kitandani na viatu vyangu. Mama anaita kutoka nyuma ya pazia. Anataka kujua watani watakuja wangapi kesho, mchele upimwe mapema. Anaita tena.