Fungate ya Baba na Mama

Thika,
Jumatano, 3 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Kiuu? Kifua cha Baba kimetulia, ama bado vumbi la kiwandani linamsumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi huku ni kali na maji ya kuoga ni kama yametoka kwa friji.

Kabla sijajibu maswali yako, wacha nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa darasa la sita nilitafuta picha ya harusi yenu. Nilitafuta kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, nikatafuta hata nyuma ya fremu ya picha ya Babu. Sikuipata, na sikuuliza. Kwa hivyo likizoni uliponiambia kwamba Pasta Ngigi atawafungisha ndoa tarehe kumi na tatu, pamoja na wengine wa kanisa ambao wameishi pamoja miaka mingi bila harusi, sikushtuka vile ulivyodhani. Nilinyamaza kwa sababu sikujua pa kuuweka uso wangu.

Sasa hiyo fungate yenu ya Nairobi. Mimi nimefika mara moja tu, na timu ya drama. Mengine nimeyasoma, na mengine nimemwuliza Becky, ninayeketi naye darasani, kwa sababu shangazi yake anafanya kazi hotelini. Siku ya harusi msingoje jioni; ondokeni mara tu baada ya chakula, kabla barabara haijajaa. Mkishuka tao, katikati ya jiji, simu ziwe ndani ya nguo, si mkononi, na mtu akikuita “kastoma” usigeuke. Vukeni barabara pamoja na watu wengi. Baba asinyooshe mkono kusimamisha magari kama anavyofanya hapo stejini pa matatu. Bebeni vitambulisho, maana kila jengo wanaitisha. Hotelini mtapewa kadi. Huo ndio ufunguo, na mpaka uichomeke kadi hiyo ukutani ndipo taa zinawaka. Chai ya asubuhi mara nyingi imelipiwa pamoja na chumba, lakini ulizeni mkifika. Sabuni ndogo ni zenu. Taulo si zenu.

Kuhusu kuja harusini, nitamwomba mwalimu wetu, Madam Syokau, ruhusa wiki hii.

Binti yako,
Nekoye


Kiuu,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Nekoye mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima, na Baba yako hakohoi sana. Barua yako Mzee Khisa aliniletea akitoka kuwapelekea kabichi hapo shuleni. Amesema atakuwa akizibeba zetu kila wiki, na mimi napenda hivyo kuliko ile simu ya ofisini ambayo kila mtu anasikiliza.

Picha ungeniuliza tu. Tulikuwa tufunge ndoa kabla hujazaliwa, kisha kazi ya Baba yako ikaisha, kisha ukaja wewe, kisha kila mwaka tukasema mwaka ujao. Usifikiri ilikuwa rahisi kwangu. Wenzangu wakisimama kwenda kwa meza ya Bwana, ambayo sisi tusiofunga ndoa haturuhusiwi, mimi nafungua mkoba natafuta kitu ambacho hakimo. Nimekitafuta miaka hiyo yote. Sasa nitasimama.

Ile zawadi ya siku mbili za hoteli kutoka kwa akina mama wa ushirika wa kanisa inanipa wasiwasi. Kitambulisho changu bado kina jina la baba yangu. Watu wa hoteli wakiona majina mawili tofauti, si watasema huyu mzee ameleta mwanamke wa nje? Baba yako naye anataka tubebe unga na sufuria ndogo, nimemkataza. Amesoma mashauri yako mpaka ameyajua. Siku hizi anavuka barabara na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Jana aliniuliza, “Sasa siku mbili bila kazi tutafanya nini?” Nikamwambia tutaketi. Akasema, “Kuketi tu? Wote wawili?”

Njoo, Nekoye. Nimekuwekea kiti mbele kabisa, mahali ninaweza kukuona nikiingia. Nisipokuona sijui nitaangalia wapi.

Mama yako


Thika,
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Natumai mko salama. Mimi pia.

Usiogope mambo ya kitambulisho. Becky anasema wanaandika namba tu, hakuna anayeitisha cheti cha ndoa, na wake wengi majina yao ni tofauti na ya waume zao. Beba viatu vya chini, maana tao ni kutembea. Pa kuketi bila kununua kitu ni Uhuru Park.

Madam Syokau amekataa. Amesema mitihani iko karibu. Samahani, Mama.

Binti yako,
Nekoye


Kiuu,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Nekoye,

Hatujambo. Natumai nawe hujambo.

Harusi ilienda vizuri. Hoteli nayo ilikuwa nzuri, na hakuna aliyetuuliza kitu. Baba yako alichomeka ile kadi ukutani, taa zikawaka. Akaichomoa, zikazima. Akaichomeka tena na tena mpaka nikamwambia, “Baba Nekoye, utaharibu stima ya watu.” Asubuhi kwa chai alimshukuru kila mhudumu kwa jina alilolisoma kifuani pake. Kisha tukaenda tukaketi Uhuru Park, wote wawili. Hata hatukuketi sana. Akasema, “Mtoto amekosa mambo haya yote kwa sababu ya mitihani. Wacha tumpelekee keki.”

Tulikuwa bado na usiku mmoja hapo hotelini. Tukauacha. Jumapili hiyo hiyo, kesho yake ya harusi, tukaja Thika na nguo zetu za harusi, ili utuone.

Madam Syokau ndiye alikuwa zamu getini. Baba yako alivua kofia, akamshukuru kwa kukutunza. Kisha akamwuliza kwa upole kama kweli hakungekuwa na njia ya kukuruhusu. Mwalimu akatuangalia. Akasema, “Nekoye? Nekoye hajaniomba chochote.”

Baba yako hakungoja hata nipumue. Akasema, “Basi kosa ni langu, mwalimu. Ni mimi nilitakiwa kuandika barua, nikasahau.” Miaka yote hii sijawahi kumsikia akimdanganya mwalimu.

Alitaka uitwe. Mimi ndiye nilisema hapana, wacha asome. Tuliacha keki tukarudi nyumbani.

Nakuuliza jambo moja, na usinijibu kwa samahani. Ulituonea aibu?

Mama yako


Thika,
Jumatano, 24 Septemba 2025

Mama,

Natumai mko wazima. Leo naona haya hata kuuliza zaidi.

Ndiyo. Niliwaonea aibu.

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo, na mimi, ambaye siwezi hata kuuliza swali darasani, nilisimama mbele ya shule nzima nikasema kwamba wanaoishi come-we-stay, yaani pamoja bila harusi, wanawalea watoto wao ndani ya uongo. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Nilipigiwa makofi, na upande wetu ukashinda. Tangu siku hiyo Becky ananiita Mama Mchungaji. Nilijua nikiomba ruhusa ya kwenda harusi ya mamangu na babangu, bweni lote litajua kabla ya chakula cha jioni. Nilifika mpaka mlango wa ofisi ya Madam. Niligeuka.

Mlipokuwa mbele ya Pasta, nilikuwa darasani na kitabu cha Historia. Nilisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima.

Kuna lingine, na ni baya zaidi. Jumapili ile Madam Syokau aliniletea keki, akasema tu, “Wazazi wako ni watu wa heshima,” akaenda. Nilijua mmekuja, na nilijua mmeambiwa. Wasichana walipouliza keki ni ya nini, nikasema ni ya birthday ya binamu yangu. Becky akaiangalia ile sukari nyeupe na maua, akasema, “Eh, Mama Mchungaji, binamu yako ameolewa lini?” Wote wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Kisha nikawakatia, wakaila yote.

Baba alisema uongo ili kunificha, nami nikasema wangu ili niwafiche nyinyi. Sijui kama anaongea juu yangu. Niambie.

Binti yako,
Nekoye


Kiuu, nyumbani,
Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Mama na Baba,

Hamjambo? Mzee Khisa ameleta kabichi mara mbili bila barua yenu, kwa hivyo nimekuja mwenyewe.

Jumatatu nilienda kwa Madam Syokau nikamwambia Baba hakusahau barua yoyote. Akanipa kufagia maktaba wiki nzima, na ruhusa ya leo. Jana kwenye mdahalo niliomba nafasi kabla hawajaanza. Nilianza kwa sauti ya chini, na wa nyuma wakapiga kelele, “Ongea!” Nikasema baba na mama yangu walifunga ndoa mwezi uliopita, na kwamba sikunyimwa ruhusa, ni mimi sikutaka kuonekana. Nikasema keki waliyokula ilikuwa yenu, na mlikuwa mmeacha fungate yenu kuileta. Msichana mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Sikuwa na neno lingine nililopanga, nikaketi. Becky hakucheka. Lakini hajaniita Mama Mchungaji tangu hapo, wala hajaniita chochote.

Nilipofika hapa na kukuta mlango umefungwa, nilidhani mmenisikia mkakataa kufungua. Niligonga mpaka Ciku wa mlango wa pili akatoka na mikono ya sabuni.

“We Nekoye, unagonga nini? Hao hawako. Wameenda tao.”

“Tao kufanya nini?”

“Kuketi! Ati kuna siku moja yao ilibaki huko. Babako amevaa suti, mamako amebeba maandazi. Ngai, Mungu wangu, siku hizi hawashikiki!”

Nikamwuliza mtarudi saa ngapi. Akasema, “Kwani mimi ni askari wao?” Kisha akaniangalia vizuri, akaingia ndani kuniletea ufunguo.

Sikumwuliza kama mmewahi kumwambia habari zangu. Nimeteka maji, nimejaza mtungi na ndoo zote mbili. Nimefua shati la kazi la Baba lililokuwa kwa beseni, limeanikwa nyuma. Nimepika ugali na sukuma wiki na kufunika. Nikaketi kuwangoja mpaka saa tisa. Ciku anasema ningoje kidogo tu, huenda mko njiani, lakini nimemwambia ruhusa yangu inaisha saa kumi na moja na sitaki kuchelewa kwa Madam. Mlango nimefunga. Ufunguo na barua hii nimemwachia yeye, na mimi nimerudi shuleni.

Binti yenu,
Nekoye