Mnara wa Boti Uliokwama Uani

Dada yangu Mwanaisha,

Huku Mombasa sote wazima, isipokuwa shemeji yako Mbarak, ambaye hana raha. Juzi tulipotoka kuswali Alasiri alinishika mkono mlangoni mwa msikiti, hakuniachia mpaka barazani kwake. Wazee wa upande wa marehemu mumeo walikuwa wameshakaa, kahawa imeshamiminwa. Wanataka urudi kutoka Kilifi. Mbarak ametoa posa: akuoe yeye, ukae katika nyumba ile ile ya Mji wa Kale uliyokalia eda, na boti iwe chini ya mkono wake. Wamenipa mimi kazi ya kukuandikia, kwa kuwa ni nduguyo na kuandika ndiko kunakonilisha. Nikawaambia nitakuandikia. Hawakuniuliza nitaandika nini.

Naiandika barua hii gazetini kwa sababu wao wameyasema yao barazani, na kuanzia Makadara hadi Tudor hakuna asiyeyasikia. Lakini kabla ya kusema langu, nataka kuirudia miezi ile ya eda yako. Wazee wanaisimulia kama miezi ya mjane aliyekosa adabu. Mimi nilikuwamo.

Mumeo Athmani alifariki ghafla, moyo ulisimama akiwa kazini. Ukavaa nyeupe, ukaacha manukato, ukapanda ghorofani na hukushuka kwenda nje tena. Sheria ya eda waijua kuliko mimi, na sikukusikia ukiilalamikia. Ulichokilalamikia ni dirisha. Lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kupitishiana kikombe. Ulisema ukuta ule umeujua kuliko uso wa mamako. Mchana joto lilipanda ngazi na kukaa nawe. Chini njiani watu walipita, ukawatambua kwa viatu vyao.

Nilikuja kila nilipotoka ofisini, na bakuli la mbaazi, na mahamri ndani ya gazeti la siku hiyo.

"Nipe habari," ulikuwa ukisema. "Si hizo ulizofungia mahamri. Boti imeingia maji?"

"Haijaingia."

"Umetazama chini ya mbao, au umesimama gatini na viatu vyako vya ofisi?"

Nilikuwa nimesimama gatini na viatu vyangu vya ofisi. Kesho yake nilivivua.

Boti ile ndiyo iliyokuwa riziki yenu. Ilikuwa ya faiba, kuukuu, pana, ya kupeleka wageni wa hoteli kutazama matumbawe, nawe uliifanyia kazi pamoja na Athmani tangu mlipooana. Hamkujaliwa mtoto, kwa hiyo Mbarak, nduguye Athmani, alirithi pamoja nawe. Akaja akasimama chini ya ngazi, akakutolea neno lake kwa sauti ya kusikiwa na majirani: boti isipopata kazi kabla hujamaliza eda, ataiuza, nawe utahamia kwake ulishwe na wake zake wawili. Aliliita jambo hilo hisani. Ulinitazama, ukanong'ona, "Yule akinilisha, kila tonge atalitangaza."

Kazi ilipatikana kupitia kwa Katana, msimamizi wa michezo ya majini katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Alikuwa Mgiriama, Mkristo, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Wageni wake walianza kuuliza mchezo mpya: mtu huweka miguu juu ya ubao majini nyuma ya boti, akavutwa kwa kamba mpaka asimame sawasawa, kisha akaiachia kamba na kuteleza juu ya wimbi linaloachwa na boti yenyewe. Alihitaji boti ya kufundishia wasiojua kitu. Akaja nyumbani, tukatundika pazia mlangoni mwa chumba chako, yeye akakaa kwenye kigoda upande huu, nawe upande ule.

"Mama, pole na msiba," akasema.

"Nishapoa. Hao wageni wako wanajua kuogelea?"

"Wengine wanajua kulipa tu, mama."

Ukacheka kidogo, ukajizuia. Kisha ukamuuliza maswali ambayo mimi, kwa miaka yangu yote ya kuhoji watu, nisingeyapanga vizuri zaidi. Mchezaji hukaa umbali gani na boti? Karibu sana, akajibu, hatua chache tu. Ukasema basi boti yenye injini ya kuning'inia nyuma isitumike kabisa, maana propela itamngoja aangukapo. Yenu injini yake ilikuwa ndani na propela imejificha chini ya tumbo. Katana akanigeukia akatikisa kichwa chake kukubali, akasahau kwamba aliyemuuliza hamwoni.

Siku ya pili alileta mbao nne, hamali akazipandisha ngazi moja moja. Ukaniambia nizipitishe nyuma ya pazia, nawe ukafunga mlango. Tukasikia kishindo. Katana akanitazama. Nikaingia, maana mimi ni nduguyo. Nilikukuta umesimama juu ya ubao, ubao juu ya godoro la sufi, nguo yako nyeupe umeifunga kiunoni, mikono umeitanua.

"Dada, wafanya nini?"

"Nachagua. Sufi na maji ni ndugu, vyote havina msimamo. Shika mwisho wa godoro, utikise."

Nikatikisa. Ubao mwembamba wenye ncha, ule ambao Katana mwenyewe aliupenda, ulikuangusha mara moja, ukalala chali huku wacheka. Kutoka chini sauti ya Mbarak ikapanda: "Nani anacheka katika nyumba ya msiba?" Ukaziba mdomo kwa mto, mabega yakiendelea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko.

Ulichagua mbili. Zilikuwa ndefu kuliko mimi, pana, nene, pua butu, zimefunikwa mpira laini juu ili zisivunje kidevu cha mtu, na mapezi makubwa chini ili ziende moja kwa moja bila kuyumba. Vifungo vya miguu uliagiza ving'olewe. "Anayejifunza lazima aweze kuanguka na kuondoka," ulimwambia Katana kupitia pazia. "Akifungwa miguu atazama na ubao wake." Zile nyembamba ukamrudishia akachezee mwenyewe.

Ukabaki mnara, yaani fremu ya mabomba inayosimama juu ya kiti cha nahodha, ambako kamba hufungwa juu ili imwinue mwanafunzi kutoka majini badala ya kumburura. Boti yenu haikuumbwa na kitu hicho. Fundi Kombo, mchomeleaji wa Makadara, alitaka kutumia mabomba mazito ya maji. Ukakataa: uzito juu ya boti kuukuu utaifanya ilale ubavu kila ikikata kona. Ukataka mabomba mepesi yasiyoshika kutu, mnara mfupi wa miguu minne iliyotanuka, na kila mguu ukae juu ya bamba la chuma lililobanwa na bamba jingine chini ya sitaha, kwa sababu faiba peke yake ingepasuka kama biskuti. Ukamwonya juu ya upande wa kushoto nyuma ya kiti, ambapo Athmani aliziba tundu na kupaka rangi juu yake. Kombo alirudi kutoka Tudor, boti ilikofungwa, amegonga pale kwa nyundo. Palikuwa pameoza.

Kisha ukasema neno ambalo lilituponza sote: "Mnara nisiouona siupokei."

Wewe huwezi kwenda karakana, basi karakana ikaja kwako. Kombo alileta mabomba, akayapitisha mlangoni moja moja, akaweka mashine yake uani, nawe ukasimama juu nyuma ya kilango cha mbao ukitoa amri. Alichora vipimo vya sitaha kwa chokaa sakafuni akajenga juu yake. Cheche ziliruka. Mama wa nyumba ya pili akapaza sauti dirishani, "Jamani, mjane anachomelea!" Mwingine akajibu kwamba labda wajenga msikiti. Mbarak akaja mbio.

"Eda ni ya kukaa, Mwanaisha, si ya kufungua karakana!"

"Nimekaa, shemeji," ukajibu kutoka juu. "Kwani waniona nimesimama?"

Mnara ulikwisha, ukapendeza. Kombo na hamali wawili wakauinua wautoe. Haukutoka. Wakauinamisha, wakaulaza, wakaugeuza miguu juu. Mlango ule wa nakshi ulijengwa kwa watu na jeneza, si kwa kitu kipana kama sitaha. Kombo alikaa chini kwenye kizingiti akajishika kichwa. Alipima kila kitu, dada, isipokuwa mlango. Mimi pia niliingia na kutoka katika mlango ule kila siku, na sikuuona.

Mbarak aliuzunguka mnara taratibu. "Mlango wa babu haukatwi," alisema. Kisha akatazama juu: "Sasa mko wawili."

Nilipanda nikakukuta umekaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya dirisha. Hukulia. Ulisema tu kwamba hewa imekwisha. Nilifungua mabawa yote ya dirisha na ukuta wa jirani ukawa pale pale. Nimeripoti moto, nimeripoti meli iliyozama, na siku zote nilikuwa na swali la kuuliza. Siku ile sikuwa nalo.

Kisha ukauliza, "Kombo bado yupo?"

Ulimwambia aukate mnara kiunoni, miguu yote minne. Akasema ukikatwa na kuchomelewa tena utakuwa dhaifu pale pale kamba inapovuta. Ukasema usichomelewe. Miguu ya mbele itiwe bawaba nene, ya nyuma itiwe bomba la ndani na bolti za kupenya, usimame unapotakiwa na ulale usipotakiwa. Kombo akaanza kukata. Jioni mnara ulipita mlangoni vipande viwili, ukapakiwa kwenye mkokoteni. Ulisikiliza magurudumu mpaka yakaishia.

Majaribio yalifanyika Tudor nawe ukiwa ndani. Uliniagiza nisikuletee furaha wala huzuni, nikuletee nilichoona. Nilikuletea hivi: madebe ya maji yalipangwa upande mmoja ili wimbi liinuke. Katana alijaribu mwenyewe, akaanguka, akaanguka, akasimama. Kisha mpishi wake, ambaye hakuwahi kupanda hata baiskeli, akasimama na kupiga kelele kama aliyeshinda kesi. Bolti moja ya nyuma ililia, Kombo akaikaza. Sitaha haikupasuka. Boti haikulala.

Mbarak alikuwepo gatini, kanzu safi. Akamnyooshea Katana mkono. "Basi tuzungumze. Mwenye boti ni mimi."

"Mimi nimeafikiana na pazia," Katana akasema, akaondoka kuja kwako.

Boti ikapata kazi kabla hujatoka, na Mbarak akashindwa kuiuza mbele ya mashahidi wake mwenyewe, wale majirani waliomsikia. Eda ilipokwisha ulioga, ukajifukiza udi, ukashuka ngazi. Hoteli ilipohamishia michezo yake Kilifi ukaifuata, ukashika usukani mwenyewe. Hiyo ndiyo aibu wanayoizungumza barazani: mjane wa Athmani anavuta Wazungu majini. Nimewajibu kwamba Wazungu hulipa wavutwe.

Nakukosa, dada. Nalitaja kama jambo la kweli tu. Mtu wa kuniuliza kama nimetazama chini ya mbao sinaye tena, na habari zangu zimekuwa za gatini. Juzi barazani, waliponizunguka na vikombe vyao, nilijikuta nahesabu nani amekaa kati yangu na njia. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanamke nyumba, mwanangu. Muite arudi ndani." Ni mtu mwema. Hajawahi kukaa chini ya dirisha lile.

Basi kazi niliyotumwa ni hii, naitimiza mbele ya wasomaji wote: Mwanaisha, shemeji yako Mbarak anakuposa na anakutaka urudi, na wazee wanamuunga mkono. Nimekufikishia.

Na mimi, wa baba mmoja na mama mmoja nawe, nasema usije. Kataa posa. Boti ibaki huko, nawe ubaki nayo.

Kesho jioni watakuwa wamelisoma gazeti. Nitapita mbele ya baraza ile, maana kwenda kwangu hakuna kichochoro kingine, na nitawatolea salamu kama kawaida. Tutaona nani ataitikia.

Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu.

Nduguyo mdogo