Tairi la Mbele Kushoto

Jumapili, 15 Juni. Baridi kali asubuhi, ukungu umefunika Meru yote, manyunyu mpaka saa mbili.

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Sijawahi kukuandikia barua. Miaka yote niliandika daftari langu la kila siku, nawe ukinicheka: "Mama Neema, hata kuku akitaga unaandika saa?" Leo nakuandikia wewe, na atakayetaka kuisoma aisome, kwa kuwa jambo lenyewe si la kufichwa tena.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Ulipolileta gari nyumbani mara ya kwanza hukunionyesha injini wala viti. Ulinionyesha rimu. Za aloi, zinang'aa kama sufuria mpya. Lakini barabara yetu ya kushuka Tengeru ni mteremko mtupu, mguu uko kwenye breki tangu migombani mpaka kwenye lami, na kila wiki rimu zilirudi na ule unga mweusi unaonata kama masizi ya chungu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuutoa. Kwanza gari lipoe, maana maji ya baridi kwenye chuma cha moto ni hasara. Halafu maji matupu ya kuondoa mchanga, ndipo sabuni, ndipo mswaki wa zamani kwenye zile kona. Tairi moja moja, sabuni isikaukie juani. "Mtu hujulikana kwa visigino," ulisema, "gari kwa rimu. Ukimaliza hizo njoo na visigino vyangu." Nikakurushia dodoki, likakupata shingoni.

Goti lilipoanza kukusumbua ukashindwa kuchuchumaa, kazi ikawa yangu. Tangu hapo hukuyatazama tena yale matairi kabla sijayaosha.

Nimerudi kwenye daftari. Wiki tatu zinazofuatana niliandika jambo lile lile: "La mbele kushoto limekuwa jeusi kuliko mengine. Nimelisugua mara mbili." Wiki ya tatu nikaongeza: "Weusi umegoma, nimetumia majivu." Niliandika kama ninavyoandika habari za sufuria iliyounguza wali. Sikujua kwamba unga ule ni breki yenyewe inayosagika, na kwamba tairi moja likizidi mengine, huenda breki yake imeng'ang'ania, haiachii. Nawe sikukuambia. Nilitaka uone kazi safi tu.

Kisha ile Ijumaa tuliyokwenda kwa Fundi Eliudi kubadilisha oili. Alfajiri niliosha matairi yote manne. Unajua kwetu hatumpelekei mtu kitu kichafu. Hata galoni la maziwa huoshwa nje kabla halijatoka nyumbani. Ulikuwa umevuka barabara kununua mbegu, fundi akaniuliza, "Mama, kuna tairi linalochafuka kuliko mengine?"

Niliona aibu. Nilidhani anataka kujua kama mimi ni mvivu. "Fundi," nikamjibu, "kwangu yote yanakuwa safi."

"Haya mama, gari lako linakwenda harusini hili!" Akacheka, akafunga boneti.

Siku tisa baadaye breki zilikukatalia kwenye mteremko, ukiwa peke yako. Aliyelikagua gari alisema breki ya mbele kushoto ilikuwa imeungua muda mrefu, fundi makini angeigundua. Maneno hayo kaka yako aliyabeba mpaka siku ya mazishi. Alisimama kando ya jeneza akasema, "Ndugu yangu ameuawa na fundi." Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele, nimefunikwa kanga, nikanyamaza. Nimenyamaza miezi saba.

Jana nilikata jani la sale nyuma ya nyumba, lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea, naye akishalipokea hana budi kusamehe. Nilimkuta Eliudi amekaa juu ya tairi bovu, uani hakuna gari hata moja. Nikamweleza yote. Nikamsomea daftari. Kisha nikamnyooshea jani.

Hakulipokea.

"Mama Neema, nikishika hilo, mila inanifunga mdomo."

"Nimekuja kuomba, fundi."

"Miezi saba watoto wangu wanaitwa watoto wa muuaji. Nilisemwa mbele za watu na wewe upo. Leo uje unimalizie nyuma ya banda? Rudi nalo, mama. Nenda ukawaambie wale wale waliosikia."

Leo kabla ya ibada nilimpigia Neema huko Dodoma, maana mtoto wetu hakustahili kuyasikia kwa watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Baba alijua?" Nikasema hapana. Akakata simu.

Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa alikuwa ameinua mkungu: "Ndizi hizi, jirani akisikia harufu yake anarudisha jembe aliloazima tangu mwaka juzi!" Watu wakacheka. Kabla hajashika mkungu wa pili nikamwomba nafasi. Nikasema: "Fundi Eliudi hakumuua mume wangu. Aliniuliza habari za matairi, nikamficha. Dalili niliiona wiki tatu, nikaisugua."

"Shemeji, kaa chini," kaka yako akasema. "Haya ni ya nyumbani."

"Hukuyasemea chumbani, shemeji. Uliyasemea juu ya jeneza."

Aligeuka akaondoka. Mama yako akamfuata bila kunitazama. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Mke wa Eliudi alikuwa amesimama nyuma kabisa, kama anavyosimama siku hizi. Alikuja mpaka nilipokuwa. "Umechelewa, mama," alisema. Kisha akapita, akaenda kusimama mbele katikati ya wanawake wenzake, akanunua trei ya mayai kwa sauti kubwa.

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sijapata. Ila zamani nilikulilia nusu, nusu nyingine nilikuwa naogopa. Leo mchana nimekulilia wewe mtupu: vicheko vyako, goti lako, unavyokohoa kabla ya kuwasha gari. Nakukosa kwa namna ambayo sina pa kuiweka. Wewe sina jani la kukupa. Eliudi aliweza kulikataa. Wewe hata hilo huwezi.

Mama yako nitamwendea kesho, na keshokutwa tena, mpaka aitikie. Pumzika, mume wangu, hapo migombani tulipokulaza. Majani makavu nimeyaondoa.

Mkeo,
Mama Neema

Nalala saa tano na dakika ishirini. Neema hajapiga.