Mjomba Amekwenda Safari Yangu

Jumamosi, Garissa. Adhuhuri imepita na joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga. Stima imepotea, feni imenyamaza. Nimekaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na nina hasira.

Nataja hasira mapema kwa sababu si kawaida yangu. Kawaida yangu ni hofu. Mimi ni karani wa masjala. Faili haliondoki mezani kwangu kabla sijalifungua tena kuhakikisha kwamba ni lenyewe. Nikivuka barabara kuu ya mji huu humngoja hata punda wa mkokoteni wa maji apite kwanza, na punda huyo mara nyingi amesimama.

Kwa hiyo mtu kama mimi akijiwekea lengo la safari, lichukuliwe kwa uzito.

Lengo lenyewe nililiweka mwanzoni mwa mwaka. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba ndoto ya safari iandikwe mahali ambapo utaiona kila siku. Wenzangu ofisini wakaandika Dubai, wakaandika Istanbul. Mimi niliandika: Msitu wa Kakamega. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Hawakujua nilikoitoa. Ninakaa meza moja na Ayuma, ambaye kwao ni kando ya msitu huo. Siku moja, tukiwa tunajipepea kwa majalada matupu, aliniambia kwamba kwao mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kwamba mama yake huitukana kwa sababu nguo hazikauki.

Huitukana!

Hapa kwetu mvua ikianguka, watu wazima hutoka nje wakasimama tu, nyuso juu, kama watoto. Tangu siku ile nimetaka kuona mahali ambapo watu wamechoka na mvua.

Nilipanga kwa uangalifu. Niliomba likizo yangu iangukie wakati mmoja na ya Ayuma, ili twende pamoja nikae kwao. Nilikwenda sokoni kutafuta sweta. Muuza mitumba aliniangalia, akaangalia jua, akaniuliza, "Dada, malaria imekupata lini?" Ilimbidi aingie chini kabisa ya mzigo kuitafuta. Ni nyekundu, ina mikono mirefu, na niliificha chini ya godoro kana kwamba ni bangi.

Pia nilijiwekea malengo madogo ya kunifikisha kwenye lile kubwa. La kwanza lilikuwa kuvuka daraja la Tana bila tumbo kuniuma. Mtu wa kwingine hawezi kulielewa hilo. Kwenye kizuizi cha polisi pale darajani abiria wote huonyesha vitambulisho. Cha Ayuma hutazamwa kama risiti, changu, cha Msomali, hugeuzwa mbele na nyuma, kisha natazamwa mimi, kisha kinageuzwa tena. Nimezaliwa hapa. Nimesomea hapa. Bado nikifika pale huanza kukumbuka jina la babu yangu kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Hilo nalo linanikasirisha, lakini ni hasira ya zamani, imeshakuwa kama jiwe ndani ya kiatu.

Hasira ya leo ni mpya.

Lengo la pili lilikuwa kumwambia Hooyo, mama yangu. Hooyo akisema "Kenya" anamaanisha ng'ambo ya daraja. Alizaliwa katika familia ya wafugaji upande wa Hadado, huko Wajir, na ingawa tumekaa mjini maisha yangu yote, yeye bado hupima mambo kwa sheria za kule. Nilipomwambia kwamba ninakwenda Kakamega na Ayuma, hakukataa. Anampenda Ayuma, ambaye ameshakula hapa mara nyingi na husifu kwa kelele anjera zake, zile chapati laini za kwetu. Hooyo aliuliza jambo moja tu.

"Sahan ni nani?"

Sahan ni yule mtu anayetangulizwa. Kwetu familia haihami kwa sababu imeona mawingu. Mtu mmoja hutumwa mbele, anakwenda kutazama malisho na maji, anarudi, anapewa maziwa, halafu anasema alichokiona. Watu huhama au hubaki kwa neno lake. Hooyo alipokuwa mdogo, baba yake alihama mara moja bila sahan, kwa kufuata wingu. Walilifikia wingu; mvua hawakuikuta. Mifugo ilikufa njiani, na ndiyo sababu sisi leo ni watu wa Garissa. Hooyo hasimulii kisa hicho kwa urefu. Husema tu, "Tulifuata wingu," basi, umeelewa.

Ndugu yake mdogo, Abti Salat, alikuwa mjini siku hizo; alileta mbuzi kuuza. Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Hooyo akasema, "Salat atangulie."

Na mimi nilikubali. Sikulazimishwa na mtu. Mtu mwoga hupenda sana mwenzake aingie kwanza. Nilimlipia Abti nauli, nikampa namba ya simu ya baba yake Ayuma, nikamwona akipanda basi na fimbo yake na kikoi chake, yeye ambaye hajawahi kupita Mwingi. Nilijiona mtu wa busara.

Alirudi juzi, Alhamisi alasiri.

Hatukumuuliza kitu mpaka alipokunywa maziwa. Aliyanywa taratibu, kikombe kizima, akafuta masharubu. Kisha akatoa taarifa yake. Alisema kwa Kisomali. Naiandika hapa kwa Kiswahili ili Ayuma naye aisome na ajue nilichovumilia.

"Maji yapo," alisema. "Yapo mpaka yanakera. Majani yanafika magotini. Mvua ilininyeshea bila mimi kuomba dua."

Hooyo akatikisa kichwa kwa mshangao. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti.

"Adhana niliisikia, kwa mbali, lakini niliisikia. Watu ni wema. Mzee yule alinikaribisha kama ndugu."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Lakini mbuzi wamefungwa."

"Wamefungwa vipi?" Hooyo akauliza.

"Kamba shingoni! Kila mbuzi na kamba yake na kigingi chake, kama wafungwa. Na ng'ombe amewekwa ndani, mwenyewe anakwenda kumkatia majani anamletea, kama anayemuuguza hospitalini. Ngamia hakuna hata mmoja. Nilimuuliza mzee, akasema aliwahi kumwona kwenye kalenda."

"Ya Rabbi," Hooyo akasema.

"Na miti imekaribiana. Ukimpoteza mnyama hapo, umempoteza. Hakuna mahali pa kusimama ukaona mbali." Akaweka kikombe chini. "Ni mahali pazuri pa ng'ombe. Kwa mifugo yetu hapafai. Tusihamie."

Hooyo akavuta pumzi. "Basi. Sahan amesema."

Nilidhani ni mzaha. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine, nikingoja wacheke. "Hooyo, hakuna anayehama. Ninakwenda kutembea. Siku chache tu, narudi kazini."

"Ulikubali sahan aende?"

"Nilikubali."

"Amekwenda, ameona, amerudi. Wewe huko unatafuta nini ambacho yeye hakukitafuta?"

Nina diploma, na niliinuka nikaenda kuosha kikombe cha Abti.

Sasa niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pa kuusema. Nilipokuwa nikikiosha kile kikombe, moyo ulipoa. Sitapita kwenye kizuizi. Sitalala nyumba ngeni. Sitafanya lolote kati ya yale niliyoyapanga, na lawama si yangu. Nilipoa kabisa, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba sindano zimeisha.

Ile nafuu ndiyo iliyonikasirisha zaidi ya maneno ya Abti. Jana kutwa nilitembea nayo, nikaiona ilivyo. Wamechukua safari yangu wakaipima kwa ngamia, na mimi nimesema asante kimoyomoyo.

Sina ngamia. Sijawahi kuwa na ngamia. Nina sweta.

Leo asubuhi Ayuma amepiga simu, anacheka kabla hata ya salamu.

"Ifrah, mjomba wako ni mtamu jamani! Baba anauliza atarudi lini. Walikaa barazani siku zote hizo wakibishana kuhusu kwato."

"Na msitu aliuonaje?"

"Msitu gani? Hakuingia! Baba alimpeleka mpaka penye miti ya kwanza. Akasimama pale, akapiga chini kwa fimbo, akasema kwa ile lafudhi yake ya kugeuza 'p' kuwa 'b', 'Hii bahali ni giza mchana. Mimi nitangoja haba.' Baba naye akamngoja amalize kungoja. Mwishowe wakarudi kunywa chai."

Sikumbuki nilivyokata simu. Hooyo na Abti walikuwa uani, anjera katikati yao, chai imemiminwa. Nilisimama mbele yao. Kwa kawaida huketi kwanza.

"Abti, uliingia msituni?"

Aliendelea kukunja anjera. Aliikunja mara nyingi kuliko inavyokunjika.

"Abti."

"Niliufikia," alisema.

"Sikuuliza hivyo."

Hooyo aliweka birika chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya kunielekea mimi. "Salat. Ulitumwa ukatazame nini?"

"Maji na majani."

"Mtoto amesema msitu tangu siku ya kwanza. Msitu, msitu, mpaka masikio yameniuma. Wewe umerudi hapa, umekunywa maziwa ya sahan, na kisimani hukufika?"

Lazima nieleze kwamba kwetu hilo si jambo dogo. Sahan aliyekuta kisima kimekauka hana aibu. Hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini aliyerudi bila kuchungulia kisima, akatoa taarifa kana kwamba amechungulia, huyo watu humkumbuka. Abti alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, na ni mtu mwenye ndevu zenye hina, sikudhani angeweza kuzidi wekundu aliokuwa nao.

"Mlikuwa na giza mle," alisema polepole. "Dada, naapa, jua lilikuwa utosini na mle ndani ni magharibi. Kitu kikapiga kelele juu ya mti. Sijui ni nyani, sijui ni nini. Miguu ilikataa."

Amelala porini na fisi wakimzunguka, mtu huyu. Nilimwonea huruma kwa muda wa pumzi moja, kisha hasira ikarudi, maana huruma ndiyo inayonifanya niwe nyuma kila mara. Miguu yake ilikataa, basi safari yangu ikafutwa. Kama ni miguu kukataa, yangu ilikuwa na haki ya kukataa yenyewe, pale pale kwenye miti.

"Basi taarifa haipo," nikasema. "Hakuna sahan aliyekwenda."

"Atatumwa mwingine," Hooyo akasema.

"Mimi."

Neno lilitoka dogo, limepasuka katikati. Lakini lilitoka.

Hooyo alinitazama kama anayesoma maandishi ya mbali. "Sahan ni mwanamume, Ifrah."

"Mwanamume ameshakwenda, Hooyo."

Abti Salat akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyepigwa pale anapostahili, mpaka chai ikampalia. Hooyo hakucheka. Alimpiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, huku macho bado yako kwangu.

Hakusema ndiyo. Naandika hivi ilivyokuwa, sitapamba. Alikusanya vikombe, akaingia ndani, nikamsikia akihangaika chumbani kwangu. Alipotoka alikuwa na sweta mkononi. Kumbe alijua ilipo tangu mwanzo. Aliikung'uta, akaianika kwenye kamba, kwenye jua hili la kuchoma mawe, ili itoke harufu ya mitumba.

"Utakaporudi," alisema, amenipa mgongo, "usinianzie na uzuri. Huyu alinianzia na uzuri. Nianzie na ulichokiogopa, ndipo nitajua kwamba ulifika."

Basi safari ni Jumatatu alfajiri. Nimeshamwandikia Ayuma. Tayari ninakiona kizuizi, ninaiona ile miti ya kwanza, ninasikia kitu kikipiga kelele juu. Inawezekana kabisa nikasimama palepale aliposimama Abti. Lakini yeye alipokwama hakuna aliyekuwa amemkasirisha.

Sweta imekauka zamani, bado sijaianua. Naitazama kutoka hapa mlangoni, nyekundu, mikono inaning'inia. Nitaikunja niitie begini. Na hasira hii nitaibeba pia, sitaiacha ipoe kabla ya Jumatatu. Nasikia huko kuna baridi.