Nyota ya Mama Imo Soksini Mwangu

Bibi yangu mpendwa wa mjini Ponce,

Sijamwambia mtu: nyota ya ujenerali ya Mama nalala nayo, nimeificha soksini. Jeshini mtoto ndiye humvika mzazi nyota begani, nami nimejizoeza kwenye koti lake hadi nikajichoma kidole.

Mbegu zako za pilipili zimeota.

Nyota haivaliwi mpaka Seneti ipitishe kwa kauli moja majina ya wanaopandishwa cheo, na seneta mmoja kila wiki husimama, akasema "Napinga," kisha huyo, akaenda kula. Hana ugomvi na Mama. Anataka kiwanda kijengwe jimboni kwake, basi.

Jana alikuja kambini kupiga picha na wanajeshi. Akaniuliza, "Binti, unajivunia mama yako?" Mama akasema, "Karibu, mheshimiwa," kwa sauti anayomsemeshea mbwa wa jirani.

Garini akaniambia, "Nastaafu, mwanangu. Siwezi kungoja ruhusa ya mtu kama yule."

Mimi nikafunga mkanda wa kiti.

Nasikia buti zake ngazini. Siku zote mimi huficha karatasi zangu. Hii naiacha mezani, nyota juu yake, asome nilichoshindwa kumwambia: Mama, usistaafu, usimwachie yule.

Mjukuu wako,
Nereida