Pointi Nne za Brandon

Kawangware, upande wa Satellite,
Nairobi.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa dada Mercyline,

Hujambo huko Edmonton? Shemeji Wepukhulu hajambo? Na Maggie wetu, bado anakataa ugali? Mama aliniambia goti lako lilikusumbua wakati wote wa baridi na bado unasimama kazini kutwa nzima kuwahudumia wazee wa watu. Tafadhali niambie kama limepoa, na usinifiche kama ulivyonificha mwaka juzi.

Sisi hatujambo. Daisy wangu ana kazi nyingi ya sare za shule, cherehani haipumziki. Mama alikuja kututembelea mwezi wa Aprili akakaa wiki mbili, kisha akarudi Kimilili akilalamika kwamba maji ya Nairobi hayaivishi maharagwe. Tulicheka sana.

Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu huniuliza, "Kazi inaendaje?" nami nakujibu, "Iko poa," na mambo yanaishia hapo. Safari hii kazi haiko poa, dada, na hata nikijaribu kumweleza Daisy najikuta nimepotea katikati ya maneno. Nimeona niandike polepole.

Unajua mimi ndiye kocha wa Riruta Flames, timu ya mpira wa kikapu. Vijana wangu kumi na wawili wanalipwa mshahara, si mkubwa, lakini ndio kazi yao. Mmoja wao anaitwa Brandon Okeyo, wa Kibera, ana miaka ishirini na minne. Mama yake anauza mapazia ya mitumba pale soko la Toi. Dada, kijana huyo anafunga. Akishika mpira unajua pointi zinakuja. Msimu huu hakuna mchezaji katika ligi yetu aliyefunga kumshinda, ila mmoja tu.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Tuna mtu anayeitwa Morris, mwalimu wa hesabu, ambaye huandika kila kitu kinachotokea uwanjani. Mwezi wa Machi alinionyesha makaratasi yake. Dakika ambazo Brandon anacheza, timu pinzani hutuzidi. Dakika ambazo amekaa benchi, sisi ndio tunaozidi. Nilimwambia arudie hesabu. Alirudia, ikatoka vilevile.

Nilianza kuangalia kwa macho yangu. Brandon akiwa na mpira, wale wanne wengine husimama kumtazama kama watu walio kwenye foleni. Wanzala, yule mrefu wetu, hukimbia mbele mara mbili, tatu, hapewi pasi, halafu huanza kutembea. Asipokuwepo Brandon, mpira unapita kwa kila mtu na hata Wanzala anakimbia kurudi kuzuia. Lakini hakuna mmoja kati yao anayefunga hata nusu ya pointi za Brandon. Basi nani mzuri? Nilijiuliza hivyo miezi miwili na sikupata jibu.

Kisha ikaja barua kutoka klabu moja ya Moroko. Walimtaka Brandon, kwa sharti moja: amalize msimu akiwa na wastani wa pointi ishirini na tano kwa kila mechi. Hawakuuliza timu yake imeshinda ngapi. Brandon aliniletea barua hiyo mwenyewe, ameikunja vizuri ndani ya bahasha, akanipa niisome. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Tukafika mechi ya mwisho. Brandon alihitaji pointi kumi na saba tu, kitu anachokifanya kabla ya mapumziko. Lakini sisi tulihitaji kushinda. Tukishindwa tunashushwa daraja, mfadhili alishasema ataondoka, na vijana wote kumi na wawili wanabaki bila kazi.

Nusu ya kwanza Brandon alifunga kumi na tatu. Na tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne.

Baada ya mapumziko nilimkalisha. Nikamwingiza Khaemba, kijana mtulivu asiyefunga sana. Dada, sijui nikuelezeje. Mpira ulianza kutembea. Wanzala alifunga, akafunga tena, Khaemba akamzuia mtu wao hodari hadi akakasirika. Robo ya nne ilipoanza tulikuwa tumewafikia. Zikiwa zimebaki dakika nne tulikuwa mbele kwa pointi tatu.

Brandon alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Kocha, niingize. Pointi nne tu."

Nilijifanya naangalia saa.

"Kocha, bana. Unajua ni nini iko hapo. Dakika mbili tu, nikishafunga nitoe."

"Kaa chini, Okeyo," nikamwambia.

Akakaa. Tulishinda kwa pointi tano. Watu waliingia uwanjani, Wanzala akabebwa, mfadhili akanikumbatia akilia. Brandon aliwapa mkono wenzake wote, mmoja mmoja, na mimi pia akanipa. Kisha akachukua mkoba wake akaenda. Alimaliza na wastani wa ishirini na nne nukta nane.

Moroko wakamchukua yule mwingine aliyemzidi. Na hebu fikiria, timu ya yule kijana ndiyo iliyoshuka daraja! Yeye amepanda ndege, wenzake wanatafuta kazi. Wangu wote wana kazi, na Brandon hajapanda ndege. Nikiligeuza jambo hili upande huu naona nimefanya vizuri. Nikiligeuza upande ule naona nimemnyang'anya mtu maisha yake.

Nilikwenda Toi kumwona mama yake, Mama Amolo. Nilitegemea anifokee, na kusema kweli nilitaka anifokee. Alinikaribisha, akanipa kigoda katikati ya mapazia. Nikaanza kujieleza, mambo ya wastani, mambo ya timu. Akanikatiza.

"Kocha, siku hiyo ulitaka nini?"

"Tushinde, mama."

"Na mlishinda?"

"Tulishinda."

"Sasa mbona umekuja?"

Alikuja mteja akiuliza pazia la dirisha kubwa, basi Mama Amolo akanipa ncha moja niishike ili apime urefu. Nikaishika. Mteja alipoondoka nikaaga. Mpaka leo sijui alikuwa ananisamehe au ananifukuza.

Wiki iliyofuata Brandon alirudi mazoezini. Nilifurahi mno. Lakini alikuwa hapigi mpira kwenye kapu hata mara moja. Anapewa pasi, hana mtu mbele yake, anampa Khaemba. Anapewa tena, anampa Wanzala.

"Piga, Brandon!" nikamwambia.

"Si hii ndiyo ulikuwa unataka, kocha?" akasema, bila hasira kabisa, na akatoa pasi nyingine.

Nilikuwa nimepata timu niliyoiomba, kila mtu anagusa mpira sawasawa, na ilikuwa timu mbovu kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Halafu Morris akanimaliza. Alikuwa ameitazama tena video ya mechi ile. Akasema pengine si kumkalisha Brandon kulikotuokoa. Mchezaji wao mrefu alikuwa amepata faulo nyingi, akatolewa mapema robo ya tatu, na tangu hapo hawakuwa na mtu wa kumzuia Wanzala. "Kwa hivyo hata kama Brandon angekuwa ndani tungeshinda?" nikamuuliza. Morris akafuta miwani yake. "Labda," akasema. "Labda pia hapana." Mwalimu mzima wa hesabu, dada, ananiambia labda!

Nilibeba neno hilo siku tatu. Ningeweza kunyamaza, hakuna mwingine aliyejua. Lakini Alhamisi baada ya mazoezi nilimwambia Brandon abaki, nikamweleza yote, pamoja na zile faulo. Nikamwonyesha video kwenye kompyuta ya Morris. Tuliitazama sisi wawili tumekaa kwenye ngazi za uwanja, jua linatuchoma migongo. Nusu ya kwanza alijiona akifunga, na nyuma yake akamwona Wanzala amesimama peke yake chini ya kapu, mkono juu. Akarudisha nyuma akaangalia tena.

"Huu mkono wa Wanzala mimi sikuuona," akasema.

Nikadhani amenielewa, nikaanza kupumua. Ndipo akafunga kompyuta.

"Kocha, sikulaumu kwa kunikalisha. Wewe ndiye kocha. Lakini nilikuomba, ukaangalia saa."

Jana ameweka sahihi ya mwaka mmoja zaidi na sisi. Timu nyingine ya hapa Nairobi ilimtaka na ingempa mpira wote peke yake, akakataa, sababu hakunieleza. Aliomba jambo moja tu: siku nyingine nikimtoa, nimtazame usoni nimwambie kwa nini.

Nimemwahidi, dada. Tukapeana mikono. Na tangu jana nakaa najiuliza: siku ile, angenishika bega akasema, "Niambie kwa nini," ningemwambia nini? Kwa ajili ya timu? Kwa ajili ya makaratasi ya Morris? Au niliogopa tu? Wewe huujui mpira huu, na labda ndiyo sababu nakuuliza wewe.

Daisy anakusalimu na anasema utume vipimo vya Maggie amshonee gauni. Binamu yetu Nekoye amejifungua salama, mtoto wa kike. Mama naye anakuombea kila siku. Msalimie shemeji, na Maggie umbusu. Mungu akutunze katika kila zamu, na akulegezee hilo goti.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, hata ninapokuchosha kwa maswali,

Khamala